Msimtume Peke Yake Manispaa

Nyinyi mlio wajawazito, na nyinyi mnaojiandaa kuwa, nisikilizeni kabla tumbo halijashuka. Jina la mtoto msilimalizie jikoni. Jikoni mwanamume hukubali kila kitu. Kinachoshika ni kile anachokitamka mbele ya karani wa manispaa, na huko anakwenda peke yake, wakati wewe umelala kitandani na kitambaa kichwani, unakunywa supu ya kuku na kujiona malkia.

Mimi ni Gerarda, mke wa Canio Lovallo mchonga marumaru, yule mwenye karakana chini ya ngazi za kanisa. Nilisoma mpaka darasa la tano, basi. Siandiki ili nisifiwe. Naandika kwa sababu nimekasirika. Hasira yenyewe ina umri wa miaka thelathini na miwili, nilidhani imelala, na Jumapili iliyopita mwanangu wa kiume kaiamsha mezani kwangu, mdomo umejaa tambi. Hilo nitalifikia.

Kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa. Binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, na bibi akiwa bado yu hai ndiyo vizuri zaidi. Tunasema bibi kawekewa nguzo, kama ukuta uliopinda unavyoegemezewa boriti usianguke. Bibi aliyewekewa nguzo hutembea uwanjani Jumapili kifua mbele. Ambaye hajawekewa hupita pembeni akitazama viatu vyake. Ndivyo ilivyo, na mimi nilipokuwa msichana sikuona ubaya wowote.

Mama mkwe wangu aliitwa Incoronata. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, Vito na Canio. Vito, mkubwa, alipata binti kwanza, na binti akaitwa Incoronata Lovallo kama ilivyotakiwa. Mama mkwe akatembea kifua mbele kwa miaka minne. Mwaka wa hamsini na tatu mtoto yule akashikwa na homa ya uti wa mgongo, siku tatu tu, akafa. Vito na mkewe wakahamia Ubelgiji kwenye machimbo ya makaa, wakazaa wavulana huko, hawakurudi tena.

Jiwe la kaburi alilichonga Canio. Nilikuwa mchumba wake. Mama yangu alikuwa amenituma karakana na kikapu cha mayai, nikamkuta amepiga magoti juu ya bamba jeupe, patasi mkononi, machozi yanachora mistari kwenye vumbi usoni. Alikuwa amefika herufi ya nne. Alichonga jina lote, na ukoo, na miaka, kisha akamimina risasi iliyoyeyushwa ndani ya herufi ili zisifutike. Picha ya mtoto, ile ya kauri yenye umbo la yai, akaibandika juu. Kazi nzuri. Hata leo ni nzuri, nendeni mkaitazame, iko safu ya pili kushoto ukiingia langoni.

Basi tukaoana, nikashika mimba, na sikuwa na usingizi. Kila nikifumba macho naliona lile bamba.

Mimba ilipofika mwezi wa saba nilimkabili, mchana, tukila mkate na pilipili kavu za kukaanga.

"Canio, mtoto akiwa wa kike hataitwa Incoronata."

Akaacha kutafuna. "Na Mama tutamwambia nini?"

"Mama yako ana masikio, ataambiwa ukweli. Mimi sizai mtoto nikampa jina ulilolichonga wewe mwenyewe kwenye jiwe. Jina lile lile na ukoo ule ule! Kaburi lake limeshaandikwa, limebaki kumngoja tu."

"Usiseme maneno hayo mezani, mke wangu."

"Basi apa, nisiyaseme tena."

"Unataka aitwe nani?"

"Ornella."

Jina hilo nililisikia gulioni. Kulikuwa na mama mmoja muuza vitambaa, mtu wa kutoka pwani, naye alikuwa na binti wa miaka kumi hivi, mwenye viatu vyekundu, asiyetulia. Asubuhi nzima mama yule aliita, "Ornella, shuka! Ornella, rudi! Ornella, utaniua wewe!" na mtoto anacheka tu, anaruka juu ya marobota. Nikajiambia, hili ni jina la mtoto aliye hai. Katika mji wetu mzima hapakuwa na mtu aliyelivaa, wala juu ya ardhi wala chini yake.

Canio alichukua mkate, akaushika kwa mikono miwili, akaapa. Kwetu aliyeapa na mkate mkononi haongezi neno. Nilimwamini. Hapo ndipo nilipokosea, wala si mahali pengine, msinitafutie makosa mengine.

Mama mkwe alipoambiwa hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha Canio, akafunga mikono juu ya tumbo.

"Ornella," akasema. "Hiyo ni sabuni, au ni dawa ya viroboto?"

"Ni jina, Mama."

"La mtakatifu gani? Padri atalikuta kwenye kalenda ipi? Siku ya jina lake tutakula nini, povu?" Akamgeukia Canio. "Mwanangu, kaka yako yuko chini ya ardhi ya wageni anachimba makaa. Jina langu limelala makaburini. Nimebaki na wewe tu wa kuliinua. Mimi ni kizee, nikianguka nimeanguka, msinijali."

Kizee! Alikuwa na miaka hamsini na tisa, anabeba ndoo mbili za maji kutoka kisimani bila kupumzika.

Canio alitazama sakafu. Nilimwona akitazama sakafu na sikutia akilini.

Mtoto alizaliwa Aprili, mwaka wa hamsini na saba, hapo hapo nyumbani. Mkunga alikuwa Bi Ersilia, mikono kama ya seremala, Mungu amrehemu. Akaniambia, "Msichana, mama. Ana sauti, huyo atakusumbua." Nikamnong'oneza mtoto jina lake sikioni kabla hajaoshwa. Ornella. Nilikuwa wa kwanza na kwa miaka mingi nikabaki peke yangu.

Siku ya tatu Canio alivaa koti lake la harusi, akanyoa, akaenda manispaa kumwandikisha. Mimi nilikuwa ndani ya arobaini. Mwanamke wa kwetu hakuvuka kizingiti kabla ya siku arobaini, mpaka Padri amwombee mlangoni pa kanisa. Angetoka, watu wangesema kaleta mkosi mtaani. Kwa hiyo nililala, mtoto kwapani, nikimngoja mume wangu.

Aliyeniletea habari hakuwa yeye. Ilikuwa sauti ya Menga, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, chini ya dirisha langu.

"Hongera, Bi Incoronata! Hongera! Nguzo imesimama!"

Na sauti ya mama mkwe, kwa raha, polepole, kila mtu asikie: "Imesimama, shoga yangu. Mwanangu ni mwanangu."

Niliketi kitandani. Maziwa yakakatika pale pale, msiniambie hilo haliwezekani, mimi nilikuwa ndani ya mwili ule.

Canio aliingia baadaye, kofia mkononi.

"Umemwandikisha nani?"

Akaigeuzageuza kofia.

"Canio. Umemwandikisha nani?"

"Mama alikuwa amenitangulia. Alikaa pale kwenye benchi la mlangoni, na Bwana Rosario na yule kinyozi, mashahidi, ameshawaita yeye. Karani akaniuliza jina. Nikageuka, nikamwona. Gerarda, alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu."

"Kwa hiyo gauni ndilo lililojibu?"

"Tutamwita Natina. Ni kifupi chake, ni kizuri. Nani atajua?"

"Uliapa na mkate mkononi."

"Najua."

"Toka. Nenda kale kwa mama yako. Mwambie akupe na ziwa."

Akatoka kweli! Ndiyo aina ya mtu niliyekuwa nimeolewa naye. Ukimwambia toka anatoka, ukimwambia apa anaapa, mama yake akivaa gauni anasahau jina la mtoto wake. Si mtu mbaya. Nimechoka kuambiwa si mtu mbaya.

Siku ya tisa nilivaa viatu. Bi Ersilia alikuwa amekuja kumwogesha mtoto, akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi na damu miguuni?"

"Manispaa."

"Arobaini yako?"

"Arobaini yangu watanirudishia siku nyingine."

Akanitazama, kisha akasogea. "Basi shika ukuta ukishuka ngazi. Mtoto nitakaa naye."

Nilishuka mtaa mzima nikishika kuta. Wanawake waliokuwa wakitunga pilipili kwenye uzi mlangoni walifanya ishara ya msalaba, mmoja akaingiza watoto wake ndani. Nikafika, nikasimama mbele ya karani, mtu mwenye miwani na kola safi.

"Bwana karani, jina la binti yangu limekosewa. Anaitwa Ornella."

Akafungua daftari. "Hakuna kosa hapa. Baba amesema, mashahidi wawili wametia sahihi."

"Na mimi nasema vingine."

"Mama, hili si daftari la shule, halifutwi kwa mpira. Kubadilisha jina ni ombi la mahakamani, na mwombaji ni mwenye mamlaka juu ya mtoto."

"Nani huyo?"

"Baba."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mama," akasema, kwa sauti ile ile ambayo angemwambia mtu kwamba ana mafua. "Nenda kalale, umekuwa mweupe."

Ndivyo sheria ilivyokuwa enzi zile. Miezi tisa tumboni na kauli yangu haikufika hata ukingoni mwa karatasi.

Akabatizwa Incoronata. Mimi sikuwapo kanisani, mama hakuwapo kwenye ubatizo siku zile. Niliwasikia tu wakirudi, lozi za sukari zinarushwa mtaani, watoto wanaziokota wakipigana.

Miaka ikapita. Nyumbani tulimwita Natina, na mimi nilipokuwa peke yangu naye nilimwita lile jina lingine, kama mwizi. Alikuwa mtoto mcheshi, mwenye maswali. Alikuwa na uso wa akina Lovallo, macho yaliyokaa mbali na kidevu chenye shimo. Na kila tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu, mama mkwe alimshika mkono, akampeleka safu ya pili kushoto, akamwinua na kumwambia, "Busu picha." Na mtoto anabusu. Nilisema, nikasema tena, kisha nikaacha kusema. Ile mara niliyoacha ndiyo inayoniuma. Wanawake, msiache. Mkichoka, kaeni chini mpumzike, halafu mseme tena.

Kabla hajaanza shule, majira ya joto ya mwaka wa sitini na tatu, nilikaa naye kwenye meza ya jikoni nikamfundisha kuandika jina lake lote, kama litakavyoitwa darasani. Nilitaka asionekane mjinga mbele ya watoto wa daktari. Nilimshika mkono, herufi baada ya herufi. Mimi mwenyewe! Aliandika Incoronata Lovallo kwenye karatasi ya kufungia mkate, kwenye majivu, kwenye unga wa mezani. Alijivuna sana.

Novemba ikafika. Makaburi yalijaa watu, maua kila mahali, taa za mafuta. Canio alikuwa amechuchumaa mbele ya bamba na mswaki, anasafisha herufi, kama afanyavyo kila mwaka. Mama mkwe akamwinua mtoto.

"Busu picha, Natina."

Hakubusu. Alikuwa anatazama chini ya picha. Midomo yake ikaanza kutembea. Nilijua anachofanya, maana mimi ndiye niliyemfundisha, nikapiga hatua kumchukua, sikuwahi.

"Incoronata Lovallo," akasoma. Kisha akanigeukia akicheka, kwa sababu ameweza. "Mama! Ni mimi!"

Watu wa kaburi la jirani waligeuka.

Akatazama picha tena. Uso ule ule, kidevu kile kile. Kicheko kikaisha.

"Mama, mimi nilikufa lini?"

Na mama mkwe, badala ya kufunga mdomo, badala ya kumbeba na kuondoka naye, alimbana kifuani na kusema kwa fahari, "Ndiyo, moyo wangu, ni wewe. Ulikwenda ukaturudia."

Natina alianza kujinyonganyonga atoke mikononi mwake. Akaanguka, akasimama, akamkimbilia baba yake aliyekuwa bado amechuchumaa na mswaki.

"Baba, nani aliandika hapa?"

Canio akauweka mswaki chini. "Mimi."

"Uliniandika mimi?"

Mtoto akapiga mayowe. Yalikuwa mayowe ambayo sijawahi kuyasikia tena, na nimezaa mara tatu. Nikamnyakua, nikamwambia mama mkwe mbele ya mji mzima, mbele ya wazima na wafu, "Ukimgusa tena mtoto huyu nitakuvunja mkono." Wakasema nilimtukana mkwe wangu juu ya kaburi la mjukuu wake. Waseme.

Baada ya hapo mtoto hakuitika. Ukimwita Natina anaziba masikio. Akaanza kulala chini ya kitanda. Wiki ya pili mwalimu wake, Bi Pace, msichana mdogo wa kutoka mjini, alikuja mpaka nyumbani na daftari mkononi.

"Mama Lovallo, nikisoma mahudhurio anaingia chini ya dawati. Nikimuuliza anasema, 'Huyo alikufa.' Na tazama hapa."

Kwenye jalada la daftari, palipoandikwa jina, mtoto alikuwa amekwangua kwa kucha mpaka karatasi ikatoboka.

Nililichukua lile daftari, nikashuka nalo karakana. Canio alikuwa anapiga msasa jiwe la mtu. Nikaliweka juu ya jiwe.

"Tazama tundu hilo. Kalichonga mwanao."

Akapitisha kidole kwenye tundu.

"Utatia sahihi ombi la mahakamani," nikasema. "Bi Pace ataandika, wewe utatia sahihi, kwa sababu mimi ni mama tu."

"Itamuua Mama."

"Mama yako kala sahani mbili za tambi na dengu jana, nimemwona mwenyewe. Nina mtoto wa miaka sita anayeuliza alikufa lini. Chagua, Canio. Na safari hii usiape. Mkate usiuguse. Shika kalamu."

Alitia sahihi. Jina lilipanda na kushuka, yeye anayechonga herufi bila kuchora mstari.

Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa manispaa, siku thelathini, mwenye pingamizi alete. Mji mzima ulikwenda kusoma, na wasiojua kusoma walisomewa. Mama mkwe alijiweka chini ya ubao kila asubuhi na kiti chake.

"Someni, someni," aliwaambia wapitao. "Mkwe wangu ananing'olea nguzo. Subirini mje mnizike."

Menga akanipigia kelele dirishani, "Gerarda, huoni haya? Mzee wa watu!"

"Mzee wa watu ana kiti," nikamjibu. "Mwanangu analala sakafuni."

Siku ya ishirini na sita mama mkwe akamwendea mtunza kanisa, akaandikiwa pingamizi. Hakujua kuandika, aliweka alama ya msalaba, na alama ya msalaba huhitaji shahidi. Alikwenda kwa nani? Kwa mwanawe! Alishuka karakana na karatasi, akamwambia, "Tia sahihi hapa kwamba huo ni mkono wa mama yako."

Mimi nilikuwa mlangoni na chakula chake cha mchana. Nilisimama pale pale, sufuria inaniunguza.

Canio alichukua karatasi, akaisoma. Akasema, "Iache, Mama. Nitaishughulikia. Nitaipeleka mwenyewe."

Mama mkwe akaondoka, akanipita kifua mbele. Nami moyoni nikasema, basi, ameshasahau tena, nitamchukua mtoto niende kwa ndugu zangu.

Canio hakuichana ile karatasi. Hakuwa na ujasiri wa kuichana. Aliikunja mara nne, akaingiza wenzo wa chuma chini ya bamba kubwa la marumaru lililoegemea ukutani, lile ambalo watu wawili hawaliinui, akaliinua kidogo, akaisukuma karatasi chini kwa mguu, akaliachia. Likatua kwa kishindo. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Chakula gani leo?" akaniuliza.

Siku ya thelathini na moja ikapita. Mama mkwe aliposikia hakuna pingamizi lililofika, alimuuliza, naye akajibu kwamba amesahau. Aliishi na uongo huo mpaka mama yake akafa. Huo ndio ujasiri wake wote, bamba la marumaru juu ya karatasi, na mpaka leo sijui kama nimshukuru au nimpige. Kama angekuwa na nusu ya ule wenzo siku ya tatu, pale mbele ya karani, mwanangu asingejikwangua.

Mahakama ilichukua mwaka na miezi. Karatasi ilipofika, Ornella alikuwa na miaka minane. Alienda karakana, akaandika jina lake jipya kwa kidole kwenye vumbi la marumaru, akalitazama, halafu akalipuliza haraka lisionekane.

"Baba," akasema, "langu usilichonge."

Na mama mkwe, aliyeng'olewa nguzo? Aliishi miaka mingine kumi na tisa, meno yake mwenyewe kinywani.

Ornella sasa ana miaka thelathini na miwili, anafanya kazi kaskazini, hajaolewa, hajazaa, na kila Novemba ana sababu ya kutokuja. Sitamlaumu. Watu husema yameisha, mtoto alisahau. Waulizeni waliosema hivyo kama wamewahi kumwona akipita mbele ya duka la mawe.

Sasa Jumapili iliyopita. Mwanangu Saverio, mdogo wake Ornella, alikuja kula na mkewe Ivana, mwenye mimba ya miezi minane. Siku hizi mashine inawaonyesha mapema, ni msichana. Ivana alikuwa jikoni ananisaidia kukatakata. Saverio, mdomo umejaa, akaita kwa sauti kama anayeleta zawadi:

"Mama, tafuta kiti ukae vizuri! Tunakuwekea nguzo! Gerarda mdogo!"

Nitasema kweli. Kwanza kifua changu kiliinuka. Kidogo, chenyewe, bila ruhusa yangu. Nilimwona mama mkwe ndani yangu na gauni lake la sikukuu. Kisha nikageuka nikamtazama Ivana. Kisu chake kilikuwa kimesimama juu ya kitunguu, na alikuwa anatazama sakafu.

Nikatoka jikoni na mwiko.

"Ivana anataka jina gani?"

"Hajasema," Saverio akajibu.

"Hajasema, au hujamuuliza?"

"Mama, nilidhani utafurahi."

"Nimekuuliza kitu kingine." Canio, mwisho wa meza, alikuwa ameacha kutafuna. "Na wewe usitazame sakafu, sakafu niliipiga deki jana, haina kitu. Ivana! Njoo hapa, mwanangu. Unataka aitwe nani?"

Alikuja akifuta mikono. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi.

"Mama, nilikuwa nafikiria… sijui. Miriam."

"Miriam," nikasema. "Saverio, rudia."

"Miriam."

"Tena, kwa sauti ya manispaa."

"Miriam, Mama, nimesikia!"

"Hujasikia. Baba yako naye alisikia. Siku hiyo utakwenda na mkeo. Kama hawezi kutembea utambeba. Kama huwezi kumbeba utamweka kwenye kiti, wewe mbele na baba yako nyuma, mshuke naye mtaa mzima mpaka mbele ya karani, na ni yeye atakayetamka. Na mimi nitabaki hapa hapa, na gauni la jikoni."

Ivana akaanza kulia, halafu akacheka, halafu akasema tambi zinapoa. Zilikuwa zimepoa. Tukazila hivyo hivyo.

Bado wiki tatu. Kiti nimeshakitoa, kile chenye mikono, nimekiweka karibu na mlango.